Mmenitaka nijieleze kuhusu ampuli tano za vitamini K, basi najieleza

Assalaamu alaykum wakubwa wetu wa afya, nyinyi mnaosimamia spitali, maabara na stoo za dawa hapa kwetu Zanzibar, na khasa mnaotuangalia sie wa Pemba.

Mie ni muuguzi, nina miaka 11 wodini na mingi ya hiyo ni ya zamu za usiku. Wiki tatu nyuma nilipokea barua ya nusu ukurasa inanitaka nieleze kwa maandishi kwa nini nilichukua ampuli tano (vichupa vya sindano) za vitamini K, dawa ya kusaidia damu igande, kutoka wodi ya wazazi "bila ya idhini". Nimeshajibu, karatasi moja, ikapigwa muhuri ikaingia kwenye faili. Lakini sidhani kama kuna aliyeisoma mpaka mwisho, ndio maana naandika tena hapa mbele za watu. Jina la spitali silitaji, kwanza sitaki ionekane namchongea mtu, pili ukenda wodi nyengine utayakuta haya haya.

Usiku wenyewe ulikuwa hivi. Saa tano na kitu analetwa dada mmoja kwa gari ya jirani yao, mamake kamkamata kichwa, kanga yote imeloa damu. Pua haikatiki tangu magharibi. Fizi zinavuja. Choo, mamake aliniambia kwa sauti ya chini kama anaona haya, cheusi kama lami tangu jana. Nilipomfunga mpira mkononi nitafute mshipa, nilipoufungua tu pale pale pakavilia damu, alama ya mpira imekaa kama bangili. Presha 85 kwa 50.

Nikamuuliza bibi, mama, huyu anakula dawa gani? Akafungua kipochi akatoa warfarini, dawa ya kulainisha damu isigande. Ana valvu ya chuma moyoni huyu dada, yaani kilango cha moyo cha kutengenezwa, alipasuliwa miaka sita nyuma kwa ule ugonjwa wa moyo unaoanzia na homa ya koo ya utotoni isiyotibiwa vizuri, na wenye valvu ya chuma warfarini wanakula mpaka mwisho wa umri wao. Chini ya ile warfarini kulikuwa na karatasi mbili nyengine, flajili ya kuua vijidudu na diklofenaki ya maumivu. Jino lilimuuma, akenda duka la dawa, akapewa, siku ya tano leo. Hakuulizwa anatumia nini na yeye hakusema, kwani nani amewahi kumwambia kwamba flajili inaizuia warfarini isivunjwe mwilini kwa hiyo nguvu yake inapanda maradufu huku unakula kidonge kile kile kimoja? Na diklofenaki nayo inachuna tumbo. Ukiviweka vyote vitatu pamoja unapata choo cheusi.

Kipimo cha INR hakuna. Mashine ipo maabara, imefunikwa kitambaa, vitendanishi vimekwisha tangu mwezi wa nyuma. Kwa msomaji asiyejua, INR ni ile namba inayotwambia damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyekula dawa anakuwa kwenye 1, anayekula warfarini kwa sababu ya damu kuganda mguuni tunamtaka awe baina ya 2 na 3, na wenye valvu ya chuma upande wa kushoto, ile inayoitwa maitro, tunawataka 2.5 mpaka 3.5. Ikipita hapo unaanza kuogopa, ikipita 10 hata kama hatoki damu unamtibu. Huyu wetu hatukujua ni ngapi. Nikafanya ile ya zamani ya walioumwa na nyoka, damu mililita 2 kwenye chupa kavu ya kioo, unaiacha dakika 20 usiiguse kisha unaiinamisha. Najua si kipimo cha warfarini, lakini ndicho nilichokuwa nacho. Nikainamisha chupa kwa mwanga wa tochi ya simu, damu ikenda na kurudi kama sharubati, haijaganda.

Daktari wa zamu yumo chumba cha opereshini na mama mzazi, tumbo liko wazi. Nikasimama mlangoni nikamwambia yote. Akasema bila ya kugeuka: vitamini K miligramu 5 mshipani, polepole, na mtafutieni damu. Maneno hayo tu, na yalikuwa sahihi.

Sasa nendeni kabati la dharura la wodi yetu. Adrenalini ipo. Haidrokotisoni ipo. Maji ya sukari yapo. Vitamini K, hamna. Stoo imefungwa na mwenye ufunguo anakaa mbali, simu haipatikani. Warfarini yenyewe lakini, wallahi, tulikuwa nayo boksi mbili, na heparini, ile ya sindano ya kuzuia damu isigande, vichupa tele kwenye friji. Yaani tuna cha kumfanya mtu atoke damu, cha kumrudisha hatuna.

Nikakimbia wodi ya wazazi kwa sababu kila muuguzi anajua vitamini K ipo kule, kila mtoto anayezaliwa anadungwa miligramu 1 ya paja asije akatokwa na damu siku za mwanzo. Zilikuwepo ampuli saba, za miligramu moja moja. Mkunga mwenzangu akaniangalia, nami nikamwangalia. Nikachukua tano. Tukaandika kwenye daftari lake tarehe, saa, jina langu na sababu, ndiyo hiyo karatasi mliyoiona nyie mkasema bila ya idhini. Idhini ya nani saa sita usiku?

Tukazimimina kwenye maji ya dripu mililita 50, zikaingia kwa nusu saa nzima, mie nimekaa pembeni na adrenalini nimeshaivuta kwenye bomba, kwa sababu vitamini K ukiipiga kwa mkupuo mshipani inaweza kumwangusha mtu presha na pumzi palepale. Hilo nalisema kwa sababu kuna vijana wanaanza kazi wakidhani vitamini ni vitamini tu.

Na vitamini K hairudishi damu dakika ile ile. Warfarini inalizuia ini lisitengeneze vile vigandishi vinavyotegemea vitamini K, ukimpa vitamini K ini linaanza kazi upya, lakini ni kazi ya masaa, sita na zaidi mpaka uone kitu cha maana, na siku nzima mpaka itulie. Katikati hapo mtu anahitaji vigandishi vilivyo tayari. Kwa wenzetu waliojaaliwa kuna unga maalumu wa vigandishi vinne, unachanganya na maji unadunga, INR inashuka ndani ya nusu saa. Sisi hatuombi hicho leo. Lakini utegili ulioganda, ule wa manjano unaotolewa kwenye damu ukawekwa kwenye friza chini ya nyuzi 18 hasi, huo tunaweza. Ungekuwepo tungeuyeyusha kwa nusu saa, tukampa kwa kipimo cha mililita 10 mpaka 15 kwa kila kilo. Haukuwepo. Akaja kakake akatoa damu yake mbichi, ikapimwa, akapewa nzima nzima chupa mbili, ya pili alitoa mume wa jirani aliyewaleta kwa gari. Hivyo ndivyo tulivyovuka usiku. Alfajiri pua ilikatika. Mamake aliniita mwanangu akanishika mkono muda mrefu, nikaona aibu maana mie nilikuwa nafikiria zile ampuli mbili zilizobaki kule kwa watoto.

Hamjasikia bado upande wa pili wa kesi hii, ambao ndio unaonifanya nisikubali mtu aniambie "wauguzi wanajichukulia dawa tu". Yule ana chuma moyoni. Ukimjaza vitamini K bila ya hesabu, damu inaganda juu ya valvu, valvu inaziba, umemuokoa na kutoka damu umemuua na damu iliyoganda. Tena ukizidisha, warfarini ikianzishwa upya inaweza isishike kwa siku kadhaa, na siku zote hizo analala na heparini. Kwa hiyo kiasi ni muhimu, njia ya kumpa ni muhimu, na kupima INR baada ya masaa 6 na baada ya siku ni muhimu. Sisi hatukupima kitu. Tulimwangalia usoni na kwenye bakuli la choo.

Ombi langu la kwanza basi, na kama mtalikubali hili tu mengine nitangoja: popote inapowekwa warfarini na heparini, pembeni yake iwekwe dawa ya kuzirudisha. Isiwe stoo kuu, wala isiwe kwa ombi la siku mbili, iwe kabati lile lile, ufunguo ule ule anaokabidhiwa muuguzi wa zamu. Vitamini K ni dawa ya bei ndogo sana na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, protamini, ile ya kuirudisha heparini, nayo imo. Ampuli za vitamini K za watu wazima za miligramu 10 zipo, mbili tatu tu katika kila wodi zingetosha, tusiende kuwaibia watoto wachanga. Na kuwe na karatasi ya muongozo imebandikwa ukutani, imesainiwa na mkubwa mmoja wenu, inayosema muuguzi akiona hivi na hivi aanze hivi huku akimtafuta daktari. Hiyo ndiyo idhini ninayoitaka. Sitaki tena ya mlango wa chumba cha opereshini.

Heparini nayo ina yake. Vichupa tunavyoletewa vina mililita 5 na kila mililita moja ina yuniti 5,000, maana yake kichupa kizima ni 25,000. Miezi ya nyuma kijana mmoja mgeni alisoma 5,000 kubwa iliyoandikwa akaelewa ni ya kichupa kizima, akavuta yote. Nilimkuta bomba liko mkononi, bado kidole hakijasukuma. Kama ingekwishaingia tungefanya nini? Heparini inajipunguza nusu kwa saa moja au moja na nusu hivi, tungesimamisha na kungoja tukiomba Mungu. Dawa yake ni protamini, miligramu 1 kwa kila yuniti 100, isizidi 50 kwa mara moja, unaipa polepole kwa dakika kumi maana nayo inaangusha presha. Kwenye spitali yetu sijawahi kuiona kwa macho yangu, nimeisoma skuli ya uuguzi nikafanyia mtihani nikafaulu.

Kichekesho ni kwamba protamini asili yake ni samaki, inatoka kwenye mbegu za madume ya samaki aina ya salmoni. Sie watu wa bahari, tumezaliwa na samaki tunakufa na samaki, dawa ya samaki ndiyo tumeikosa. (Na ikija, tukumbuke kumuuliza mgonjwa kama samaki wanamdhuru, na mwenye sukari anayechoma ile insulini ya mawingu aangaliwe zaidi kwa sababu nayo ina protamini ndani yake.)

Nikiwa hapo hapo kwenye asili za dawa, kuna jambo watu wanalikwepa. Heparini inatengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Kisiwa chetu karibu wote Waislamu, na siku hizi mgonjwa ana simu, anasoma mwenyewe, ananiuliza saa nane za usiku "sista, hii ni kweli?" Mie huwa namjibu ndiyo ni kweli, na namwambia nilivyofundishwa nyumbani kwamba dharura ina hukumu yake. Lakini mie si mufti. Wapo waliokataa sindano kwa jibu la juu juu la muuguzi mwengine aliyeona bora amdanganye, mgonjwa akaja kujua na imani ikaondoka kwa wodi nzima. Zungumzeni na ofisi ya Mufti litoke neno la maandishi tulionyeshe, ni kazi ya wiki moja hiyo.

Halafu kuna dawa mpya za kulainisha damu, zile hazina haja ya INR. Zinakuja kwa ndugu kutoka Muscat na Dubai ndani ya begi baina ya mafuta ya udi na tende, rivaroksabani, apiksabani, dabigatrani, wazee wetu wanakula na daktari wa hapa hajui. Ni dawa nzuri, sizisemi vibaya. Ila muuguzi wa kawaida akiona anayetoka damu na kusikia "dawa ya kulainisha damu" anakimbilia vitamini K, na kwa hizi vitamini K haisaidii kitu, ni sawa na kumpa maji. Dawa ya kuirudisha dabigatrani ipo duniani tangu 2015, ya zile nyengine mbili iliidhinishwa 2018, bei zake msiniulize. Ambacho tunakiweza bila ya pesa ni kuuliza kidonge cha mwisho kililiwa saa ngapi, kuangalia figo zinafanya kazi, kubana panapotoka damu, kumpa mkaa wa dawa kama amekimeza sasa hivi, na kuwa na subira, maana kwa mwenye figo nzima nguvu yake kubwa inaondoka baina ya siku moja na mbili. Mtufundishe hilo. Semina ya asubuhi moja, hata chai msitupe.

Na mwenye valvu ya chuma asibadilishiwe kwenda kwenye hizo mpya kwa sababu eti hazina usumbufu wa kupima. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu wa valvu, jaribio likasimamishwa njiani, damu iliganda na watu wakatoka damu pia. Nasema kwa sauti kwa sababu nimeshamuona mmoja aliyeletewa zawadi hiyo na mwanawe kwa mapenzi tu.

INR tena, sijamaliza. Hata vitendanishi vikiwepo, chupa ile ya kifuniko cha buluu lazima ijazwe mpaka kwenye mstari, ukiitia nusu ile dawa iliyomo ndani inakuwa nyingi kuliko damu na jibu linatoka juu kwa uongo, halafu mtu anapunguziwa dozi bila ya sababu. Maabara wanaikataa, wana haki, lakini mgonjwa ameshatembea kutoka Micheweni, nauli kalipa, anaambiwa rudi kesho. Zipo mashine ndogo za tone la kidoleni kama za sukari, jibu dakika moja. Moja kwa kila wilaya ingetosha kwa kuanzia. Nawaomba msilete mashine bila ya vijiti vyake kama mlivyoleta ile ya kabla.

Na mboga jamani. Kuna mtu alianza kuwaambia wagonjwa wa warfarini wasile mboga za majani kabisa, na sasa kisiwa kizima kinasema hivyo. Si hivyo. Mchicha, kisamvu, matembele vina vitamini K, kweli, na ukila vingi kwa ghafla warfarini inalegea. Lakini anayeacha kabisa mwezi mzima halafu ikifika harusi ya mpwawe akala kisamvu cha nazi sahani mbili, huyo ndiye INR yake inapanda na kushuka kama ngalawa ya kaskazi. Ale, kiasi kile kile wiki hadi wiki. Ramadhani ndio balaa, mlo unabadilika, saa ya kidonge inabadilika, mwengine anaruka kabisa kwa kudhani kinafunguza mchana kumbe angekula usiku baada ya futari, na hatuna kliniki ya kuwaita kabla ya mfungo tuwapange. Hii nayo ni bure.

Kwa wenye maduka ya dawa sina mengi, nawajua, wengi ni watu wema. Ila muwalazimishe waulize swali moja tu kabla ya kuuza flajili, septrini, diklofenaki na aspirini: unatumia dawa ya kulainisha damu? Na nyie mtupe kadi ndogo, rangi ya kuonekana, mgonjwa aitie kwenye kipochi pamoja na kitambulisho chake, iandikwe valvu, dozi na INR ya mwisho. Bibi yule aliyetoa karatasi tatu za vidonge kwenye kipochi angetoa na kadi, na muuza duka angeiona siku tano kabla.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Nilichukua ampuli tano, zikabaki mbili. Usiku ule ule na alfajiri yake walizaliwa watoto wawili, wakadungwa hizo mbili. Wa tatu alizaliwa saa nne za asubuhi na hakukuwa na kitu. Mkunga alimwandika jina kwenye kipande cha plasta akakibandika juu ya meza, na mwenzetu mmoja akapanda gari ya abiria kwenda spitali nyengine kuazima, akarudi na boksi baada ya laasiri, mtoto akadungwa akiwa na masaa saba. Alikuwa mzima, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro. Lakini niliyaona yale masaa saba yakipita, kila nikipita pale naitazama ile plasta, na zamu yangu ilikuwa imekwisha tangu asubuhi.

Yule dada wa valvu alikaa wodini siku tisa, katolewa na warfarini yake na karatasi ya kurudi Alkhamisi ijayo kupima INR. Nimepita maabara leo kuuliza. Mashine bado imefunikwa kitambaa.

Wenu,
muuguzi wa zamu ya usiku, Pemba